Tanga hadi Mtwara kwa gari moja: safari ya marafiki inayopangwa kwa mwezi na maji

Mikoa mitano ya Tanzania Bara inagusa Bahari ya Hindi: Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Vikundi vingi hufungua ramani, huhesabu kilomita, hugawanya kwa siku, basi. Halafu wanafika Pangani na hamu yote ya kwenda Maziwe, nahodha anawaambia kisiwa kimeshafunikwa na maji, njooni kesho kutwa. Kesho kutwa hawana. Pwani hupangwa kwa maji kwanza, kwa mwanga wa jua pili, na kilomita zinakuja mwisho. Mwongozo huu umefuata mpangilio huo.

Ni safari ya siku 12 inayoanzia na kuishia Dar es Salaam, kwa watu watano na gari moja. Mwenye wiki moja tu asijaribu kuibana yote. Achague kaskazini (Tanga, Pangani, Saadani, Bagamoyo) au kusini (Kilwa, Lindi, Mikindani, Mtwara), na nusu nyingine aibakize kwa mwaka mwingine.

Tarehe ya kuondoka

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikikaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haiji juu wala haiendi mbali. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku.

Sasa hesabuni. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, ni fungu la mchanga linalozama lote maji yakijaa. Mnataka kuwa pale maji yakiwa yamepwa, na iwe asubuhi kabla upepo haujakaza. Hiyo ni siku ya bamvua. Songo Mnara, kule Kilwa, ni kinyume: mashua inapita kwenye mikoko, na maji yakipwa mtatembea kwenye tope hadi magotini. Pale mnataka maji ya kujaa asubuhi. Kati ya Maziwe na Kilwa kwenye ratiba hii kuna siku tano. Dakika 50 mara tano ni saa nne na ushee, kwa hiyo maji yaliyopwa saa 4 na nusu asubuhi mkiwa Maziwe yatapwa karibu saa 9 alasiri mkifika Kilwa, na yatakuwa yamejaa karibu saa 2 na nusu asubuhi. Safari nzima inakaa kwenye mstari kwa kuchagua tarehe moja tu: ondokeni Dar siku moja kabla ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Maziwe itaangukia siku ya tatu.

Hesabu hiyo ni ya kupangia. Saa kamili angalieni kwenye jedwali la maji la bandari iliyo karibu, kisha muulizeni nahodha jioni ya kuamkia safari. Nahodha akisema tofauti na jedwali, mfuateni nahodha, maana yeye ndiye anayejua mahali gani mashua yake inagusa chini.

Kuhusu miezi: masika ya Machi hadi Mei iacheni kabisa. Vuli ya Novemba na Desemba huharibu vipande vya vumbi vya kaskazini. Januari na Februari kaskazini ni pazuri lakini Lindi na Mtwara wako kwenye mvua zao, kwa kuwa wao wana msimu mmoja mrefu. Juni hadi Agosti ni pakavu ila kusi huvuma kwa nguvu na mchana bahari hukorogeka. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kuilenga safari hii. Mkienda Ramadhani, mjue kwamba mchana migahawa mingi ya Pangani, Kilwa na Lindi inafungwa. Bebeni chakula, na mle ndani ya gari au chumbani, si barazani pa watu waliofunga.

Gari na mafuta

Noah au gari la ukubwa huo linatosha kwa watu watano na mizigo. Wakiwa saba, kiti cha nyuma kinameza nafasi ya mizigo, mizigo inapanda juu, na gari linayumba kwenye upepo wa darajani. IST itafika, ila kipande cha Bweni hadi Saadani kitaligonga tumbo. Gari lenye 4WD lina faida mahali pawili tu, Saadani na ufukwe wa Msimbati, na kote kuwili kuna njia ya kulikwepa hitaji hilo.

Mzunguko wote pamoja na vijitokezo vyake ni kama kilomita 2,050. Kwa gari lililobeba, chukueni kilomita 9 kwa lita: lita 228. Ongezeni asilimia 10 ya foleni na kupotea njia, fanyeni lita 250. Kwa watu watano ni lita 50 kila mmoja. Tunapendekeza mchango wa mafuta utajwe kwa lita namna hiyo, usitajwe kwa shilingi. Bei ikipanda kati ya mwezi mnaopanga na mwezi mnaoondoka, hakuna wa kulalamika kwamba alikubali kiasi kingine.

Gari likakaguliwe wiki moja kabla, si jana yake, ili fundi akikuta kitu kuna muda wa kupata spea. Haya ndiyo yanayokwamisha watu kwenye njia hii:

Tairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita libadilisheni hata kama kashata zake bado nene, kwa sababu mpira hukauka kwa ndani na joto la lami ya pwani humaliza kazi. Upepo fuateni kibandiko kilicho mlangoni kwa dereva, na upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila mzunguko, linachemka, kisha linapasuka. Wengi husingizia jua.

Spea tairi. Litoeni, lipimeni upepo, lifungeni kwenye gari mtembee nalo kilomita tano. Hapo ndipo mtakapogundua kwamba jeki ni ya gari jingine au nati zina ufunguo wake maalumu ambao haumo ndani ya gari. Heri kujua mkiwa nyumbani.

Rejeta na betri. Maji ya rejeta yaangaliwe injini ikiwa imepoa. Mfuniko usifunguliwe kwenye moto, hata kama anayesema "fungua tu" ndiye mkubwa wenu. Betri iliyopumzika usiku isome volti 12.6 hivi, na gari likiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikisoma chini ya hapo likiwa linawaka, tatizo ni altaneta, na betri mpya haitawasaidia.

Ndani ya gari kuwe na pembetatu mbili za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto ambao tarehe yake haijapita, sanduku la huduma ya kwanza, pampu ya upepo ya volti 12, kipima upepo, kamba ya kuvutia, koleo dogo, tochi ya kichwani, na lita 20 za maji ambazo hazinywewi. Karatasi: leseni za madereva wote wawili, bima iliyo hai, nakala ya kadi ya gari. Kama gari ni la kuazima, barua ya mwenye gari yenye namba yake ya simu itawaokolea nusu saa kwenye kizuizi.

Watu watano, makubaliano manne

Urafiki wa miaka kumi unaweza kuyumba kwa sababu ya chumba chenye feni mbovu. Kaeni jioni moja kabla ya safari mkubaliane mambo manne, myaandike kwenye kundi la simu.

La kwanza, madereva ni wawili, wanapokezana kila saa mbili, na anayeendesha kesho hanywi leo usiku. La pili, hakuna kuendesha gari jua likishazama. Saa 12 jioni gari liwe limeegeshwa. Usiku kwenye barabara ya kusini kuna malori mabovu yaliyosimama bila taa, baiskeli za mkaa, mbuzi waliolala kwenye lami kwa sababu ina joto. La tatu, kuwe na mfuko mmoja wa pamoja na mtu mmoja wa kuushika: mafuta, vivuko, malazi, viingilio na chakula cha mchana vinatoka humo. Vinywaji, zawadi na vocha kila mtu kivyake. Anayeshika mfuko anaandika kila jioni, wenzake wakiwa wanamwona. La nne, siku ya sita kila mtu afanye lake. Siku hiyo hakuna wa kuuliza "sasa twende wapi", na mtaona jinsi inavyorudisha hewa.

Fedha taslimu bebeni za siku mbili tu. Mashine za benki ziko Tanga, Bagamoyo, Kilwa Masoko, Lindi na Mtwara, na mawakala wa fedha za simu wako karibu kila penye maduka matatu. Hifadhi za taifa na malikale mara nyingi hulipwa kwa namba ya malipo kwa simu au kadi, kwa hiyo simu mbili za mitandao tofauti ziwe na salio na chaji.

Kaskazini: siku ya 1 hadi ya 6

Dar hadi Tanga kupitia Chalinze na Segera ni kama kilomita 350. Ondokeni saa 11 alfajiri. Mkitoka saa 1, Kimara hadi Kibaha itawala saa mbili za siku yenu. Hii ndiyo barabara ya tochi, zile za trafiki za kupimia mwendo, kuliko zote mtakazopita. Kila kijiji kina kibao cha 50, na trafiki hukaa pale ambapo nyumba zimeisha lakini kibao cha kuruhusu bado hakijafika. Subirini kibao, msiangalie nyumba. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, inalipwa kwa namba ya malipo, na mnapewa karatasi. Msimpe mtu fedha mkononi.

Mkiona matawi ya miti yamepangwa barabarani, punguzeni mwendo papo hapo: mbele kuna gari bovu, mara nyingi mita mia moja tu baada ya tawi la kwanza. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kulia anawaambia msiovateki, ya kushoto anawaruhusu. Ishukuruni, lakini macho ya kuhakikisha yawe yenu.

Muheza nunueni machungwa ya gunia dogo, yatawafaa baharini. Tanga lalieni upande wa Raskazone ambako upepo wa bahari unafika. Siku ya pili asubuhi nendeni Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, kwa viatu vyenye kushika, maana chokaa yenye unyevu huteleza kama sabuni. Mchana teremkeni Pangani, kilomita 50 hivi. Njiani, karibu kilomita 17 kutoka Tanga, yapo magofu ya Tongoni, msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Dakika 40 zinatosha, na mlinzi akianza kueleza msimkatize.

Siku ya tatu ni Maziwe. Mashua iondoke saa 2 na nusu asubuhi hivi, mfike maji yakiwa bado yanapwa, mpate saa mbili hadi tatu za mchanga. Zamani kisiwa kilikuwa na miti, leo hakuna hata kivuli cha kofia. Kwa hiyo: turubai na fito mbili, lita 2 za maji kwa mtu, shati la mikono mirefu la kuogelea nalo, viatu vya raba kwa ajili ya miiba ya baharini. Kwenye maji ya magoti tembeeni kwa kuburuta nyayo, ili samaki taa aliyejifukia mchangani asikie mkija aondoke. Mkimkanyaga, mwiba wake ni hospitali. Jaketi za kuokolea mzione na mzivae kabla ya kulipa. Nahodha anayesema "ziko, tutazikuta" abaki na mashua yake. Ada ya hifadhi ya bahari ombeni stakabadhi. Matumbawe msiyaguse wala msiyasimamie.

Kutoka Pangani kwenda kusini lazima mvuke mto. Ulizeni mapema hali ya daraja jipya. Kama bado mnatumia kivuko cha kwenda Bweni, vukeni asubuhi mapema: maji ya bamvua yakipwa mlango wa kivuko hukaa kwa mwinuko mkali na bampa ya gari fupi hukwaruza. Abiria washuke, abaki dereva, vioo vyote vikiwa wazi.

Bweni hadi Mkwaja na kuendelea hadi Saadani ulizeni hali ya barabara siku ileile, na muulize dereva wa basi dogo aliyetoka huko asubuhi. Mwenye nyumba ya kulala wageni atawaambia "inapitika" kwa kuwa anawapenda. Penye udongo mweusi, mvua ya usiku mmoja inatosha kuufanya uwe ulimbo. Ukiwa umelowa msijaribu hata kwa 4WD. Rudini Tanga, mshuke kwa lami hadi Mandera, kisha muingie Saadani kutokea magharibi, kama kilomita 60 za vumbi.

Saadani ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini ambayo ardhi yake inaishia baharini. Twiga na nyati mtawaona kwa gari. Viboko na mamba ni kwa boti ya Mto Wami, na boti hiyo ni ya asubuhi au saa 10 jioni. Msiogelee karibu na mdomo wa mto. Siku ya tano mnatoka kwa njia ya Makurunge hadi Bagamoyo, na mkiwa na nafasi mgeukie kidogo barabara ya Msata hadi Kiwangwa kwa mananasi. Bagamoyo ina magofu ya Kaole, Boma la Wajerumani na misheni ya mwaka 1868. Siku ya sita ni ile ya kila mtu na lake, na Bagamoyo ni mji mzuri wa kuzurura peke yako. Saa 8 mchana mkutane, mvuke Dar kabla ya foleni ya jioni, mlale Mkuranga au Kibiti. Kulala kusini mwa jiji kunawaepusha na Mbagala ya asubuhi.

Kusini: siku ya 7 hadi ya 10

Hapa pwani inabadilika. Vijiji vinaachana, minazi inapisha mikorosho, na kituo cha mafuta hakiko kila kona. Jazeni tangi Kibiti au Ikwiriri, kisha Nangurukuru, hata kama mshale bado uko nusu. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa karibu mita 970. Pitieni taratibu, msisimame juu yake kupiga picha.

Barabara hii inabeba malori ya saruji kutoka Mtwara, na uzito huo umechimba vishimo vyenye kingo kali. Anayekaa mbele kushoto kazi yake ni kusoma lami pamoja na dereva. Mei 2024, mafuriko yaliyoambatana na Kimbunga Hidaya yaliikata barabara eneo la Somanga. Mvua kubwa ikitangazwa, ulizeni kabla hamjapita Ikwiriri, kwa kuwa baada ya hapo hakuna njia ya mchepuko ya kuaminika.

Somanga ndipo pa kula. Samaki wa kukaanga na pweza wamepangwa kando ya barabara, na mabasi yakisimama sinia hukimbizwa madirishani. Nyie mko na gari lenu, hivyo msinunue dirishani. Shukeni, mwende mpaka kwenye karai, mumwambie mama akaange wakati mnamwona. Samaki wa leo jicho lake halijazama na nyama inarudi ukiibonyeza. Pweza mzuri hukatika kwa meno ya mbele bila kuvutana. Akivutana kama mpira, hakupigwa vya kutosha au alichemshwa haraka, na huyo tumbo litamkumbuka hadi Lindi.

Nangurukuru mnaacha barabara kuu, mnaelekea Kilwa Masoko, kama kilomita 27. Jioni hiyohiyo ya siku ya saba malizeni kibali cha magofu na mpange mashua, ili kesho msipoteze maji ya asubuhi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mkiwa na siku moja, anzeni Songo Mnara na maji ya saa 2 asubuhi, mtoke kabla hayajashuka sana, mmalizie Kisiwani mchana. Kisiwani ni karibu na Masoko na hapasumbuliwi na maji kiasi kile. Msikiti Mkuu, Gereza na Husuni Kubwa zimeachana, basi chukueni kiongozi wa pale kijijini. Simameni kwenye kidimbwi cha pembe nane cha Husuni Kubwa mwangalie bahari: mtaelewa kwa nini Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu mji huu. Wanawake na wanaume wafunike mabega na magoti. Kanga mbili kwenye gari zinatosha kwa wote. Wazee waliokaa barazani wapewe shikamoo kabla ya kamera.

Siku ya tisa pitieni Kilwa Kivinje, mji wa nyumba za mawe zinazobomoka pole pole, kisha Lindi, kama kilomita 180 kutoka Masoko. Kuleni Lindi ufukweni, na mkiona ming'oko ya kuchemsha barabarani nunueni: ni mizizi ya porini inayoliwa kwa chumvi na pilipili, na kaskazini hamtaipata. Baada ya Lindi, pale Mnazi Mmoja, barabara inagawanyika. Kulia ni Masasi, nyie shikeni ya Mtwara. Mikindani iko kilomita 10 hivi kabla ya Mtwara mjini, na sisi tungelala hapo kuliko mjini, kwa ajili ya ghuba yake iliyotulia na Boma la mwaka 1895.

Mchanga wa Msimbati

Siku ya kumi ni Msimbati, karibu kilomita 45 kutoka Mtwara, ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma. Ni fukwe nzuri kuliko nyingine zote za safari hii, na ndipo magari mengi hunasa. Gari lisilo na 4WD liachwe kijijini, mtembee au mchukue bodaboda.

Wenye 4WD, kabla ya kuingia mchangani punguzeni upepo. Toa kifuniko cha mdomo wa tairi, bonyeza kipini kwa ncha ya ufunguo, hesabu polepole hadi thelathini, pima. Kutoka psi 32 mnaitaka 18. Tairi litaonekana limevimba chini kama mtu aliyekaa. Hivyo ndivyo linavyotakiwa, linapata unyayo mpana. Tairi zote nne zilingane. Mchangani shika gia ya pili, mwendo mmoja, bila breki za ghafla na bila kukata kona kali, kwani upepo mdogo huweza kulitoa tairi kwenye rimu.

Gari likianza kuzama, acha mafuta mara moja. Kosa linalozamisha gari hadi tumboni ni zile sekunde kumi za kukanyaga zaidi. Shukeni wote, chimbeni mchanga ulio mbele na nyuma ya kila tairi hadi chini ya nusu ya rimu, ondoeni uliogusa tumbo la gari, wekeni mazulia ya gari au makuti, kisha rudini nyuma kwa alama zilezile mlizojia. Kurudi ni rahisi kuliko kwenda mbele, kwa sababu mchanga huo mmeshaushindilia. Mnaosukuma kaeni pembeni, kamwe si moja kwa moja nyuma ya gari.

Egesheni juu ya ule mstari wa mwani na vijiti vikavu, unaoonyesha mahali maji yalipofika mwisho. Siku hii ni ya maji mafu, na mstari ule unaweza kuwa wa juzi wa bamvua, hivyo ukifuatwa mna nafasi ya ziada. Mkitoka kwenye mchanga jazeni upepo hadi 32 kabla ya kugusa lami. Psi 18 kwenye lami ni tairi kupasuka ndani ya nusu saa.

Kurudi

Mtwara hadi Dar ni karibu kilomita 560. Inawezekana kwa siku moja kuanzia saa 12 asubuhi, lakini mtaingia Mbagala gizani, mmechoka. Laleni Kilwa au Kibiti na muifanye siku mbili. Korosho nunueni Mtwara asubuhi ya kuondoka: onjeni, ivunjike kwa mlio, isinate menoni. Msimu wa mavuno ni kuanzia Oktoba, kwa hiyo mwezi wa tisa ulizeni kama ni za mwaka jana.

Gari lioshwe chini ndani ya siku mbili baada ya Msimbati, kwa maji baridi mengi: chesesi, springi, ndani ya rimu, mabomba ya breki. Mwambieni mwosha gari kwamba mmetoka baharini, la sivyo atasugua bodi ing'ae na chumvi ibaki ikila kwa chini. Mfuko wa pamoja ufungwe mkiwa bado Kibiti, mezani, daftari likiwa wazi. Kilichobaki kigawanywe hapohapo, kilichopungua kilipwe hapohapo, kwa sababu mkishafika Dar kila mtu atashukia kituo chake.